Siku Tuliyoweka Linux Kwenye Mashine ya Marehemu

Mkiona mtu anakuja kwenu na flash mkononi huku anatabasamu, shikeni mlango kwanza. Sisemi mumfukuze. Nasema mumwangalie vizuri, mumuulize ametoka wapi na flash imepita kwa mashine gani, halafu ndiyo mumpe kiti. Mimi Nasimiyu nimetengeneza kompyuta Kitale tangu wakati kioo chake kilikuwa kizito cha kubebwa na watu wawili. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Misikhu na ng'ombe wangu, na bado flash ya mtu siigusi bila maswali. Hao ng'ombe nao siwaamini sana, lakini angalau hawaniambii, "Niamini tu, Mama."

Watoto wangu wanasema nina roho ya kushuku. Ati nashuku hata salamu za Krismasi. Ndiyo, nashuku! Yule wa mwisho kunitumia salamu tamu kwa simu, namba nisiyoijua, alitaka pia nimsomee namba ya siri iliyokuwa imeingia kwangu sasa hivi. Nilimjibu kwa Kibukusu, na sitawaandikia hapa nilichosema.

Sasa nyinyi mnaoanza ufundi mnaniletea swali lilelile kila mnapokuja. "Kukhu, mashine ya mteja ni ya zamani, Windows mpya imeikataa, nimuwekee Linux gani?" Kukhu ni nyanya, kwetu, na mnaniita hivyo mkitaka kitu. Mkishapata jibu narudi kuwa Madam.

Nitawajibu, lakini kwanza niwaambie mimi mwenyewe nilivyoipokea hiyo Linux. Niliambiwa ni mfumo wa kuendesha kompyuta, wa bure, na msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Nilisikia "bure" nikashika mkoba wangu. Nikauliza, wanaoijenga ni nani? Watu wengi, duniani kote. Nikauliza, watu wote hao hawana shamba la kupalilia? Nikaambiwa kampuni kubwa zinachangia kwa sababu zenyewe zinautumia. Hapo nikatulia kidogo, maana mtu akiwa na haja yake ndani ya kitu, namwelewa. Ninayemwogopa ni yule asiye na haja yoyote.

"Na msimbo uko wazi, Mama, unaweza kuusoma wewe mwenyewe," kijana mmoja akaniambia.

"Wewe umeusoma?"

Akaanza kutafuta chaja yake.

Mimi pia sijausoma, msinielewe vibaya. Lakini niliingia kwenye kurasa zao nikaona wanavyogombana. Huyu anasema hii sehemu ni mbovu, yule anajibu mbovu ni wewe, na yote hadharani. Nikasema hawa sasa naweza kuwasikiliza. Kitu kikisifiwa tu, bila mtu hata mmoja wa kukilalamikia, mimi hukiacha hapo kilipo.

Kushuku kazini nilifundishwa na Mzee Ndiema. Alikuwa fundi wa redio kutoka kule juu Mlima Elgon, akateremka Kitale, redio zikapungua akahamia kompyuta. Mteja akiweka mashine juu ya meza na kusema, "Hii haijaguswa na fundi mwingine," Mzee Ndiema alikuwa anaigeuza chini juu kuhesabu skrubu zinazokosekana. Akimaliza anauliza kwa upole, "Na huyu ambaye hakuigusa, skrubu zangu alipeleka wapi?" Alikuwa ananusa mashine kabla ya kuiwasha. Nilimcheka mpaka siku niliponusa mwenyewe, nikajua harufu ya umeme ulioungua, na ya chai ya maziwa, na ya mende. Nuseni. Pua haidanganywi na mteja.

Lakini alichoniachia Mzee Ndiema zaidi ya pua ni kuonja. Nyinyi mnajua kwetu, ukimpa mgeni busaa, ile pombe yetu ya nafaka, au hata uji tu, unapiga funda moja mbele yake kabla hujamkabidhi. Hakuna anayekasirika. Ni heshima, unamwonyesha kwamba kilicho ndani hata wewe unaweza kukinywa. Mzee alileta hiyo desturi dukani. Umeleta programu? Iwashe kwa mashine yako, tukiona. Umeleta chaja? Chomeka simu yako kwanza. Siku alipoonyeshwa kwamba hizi Linux unaweza kuziendesha moja kwa moja kutoka kwa flash, ukazijaribu bila kugusa chochote kilicho kwenye diski, alicheka akapiga meza. "Hawa watu walilelewa vizuri," akasema. "Wanakuonjesha!"

Basi hilo ndilo jibu langu la kwanza, na wengi wenu mnaliruka. Msimwekee mtu mfumo ambao hajauonja. Washeni kutoka kwa flash, mteja akae mwenyewe kwenye kiti, si nyinyi. Afungue faili lake. Ashike mtandao wa wifi. Achapishe karatasi kwa printa yake, si kwa ile ya dukani kwenu. Apige wimbo asikie kama sauti inatoka. Afunike laptop, aifunue, aone kama inaamka. Kama hapo kwa flash kuna kinachogoma, kikiwekwa ndani kitagoma vilevile, na mteja atakuwa ameshatoka na namba yako ya simu anayo.

Na urembo msiuamini kabisa. Kuna mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge aliyekuja dukani akiwa ameona video. Alitaka ile yenye madirisha yanayojipinda na kuyeyuka. Nikamwambia, mzee, hii mashine yako kumbukumbu yake ni ndogo, nikuwekee ile nyepesi. Akakataa, ati nampa ya maskini. Akampata fundi mwingine akamwekea. Alirudi msimu wa mavuno akiwa amenuna, anasema anabonyeza, anaenda kupima gunia, anarudi, dirisha bado linajipinda. Niliifungua ile mashine. Kusema kweli, na unga nao ulikuwa umejaa kwenye feni, lakini sikumwambia mapema, nilitaka kwanza aombe ile nyepesi kwa mdomo wake.

Sasa nije kwa Mama Selina, maana hapo ndipo nilijua kwamba hata mimi na shaka zangu zote nilikuwa bado nabebwa ujinga.

Mama Selina ana ofisi ndogo ya kuchapisha hapa Misikhu. Barua anaandika, picha za pasipoti anapiga, lakini kazi yake hasa ni vitabu vya mazishi. Mnajua kwetu marehemu hazikwi bila kitabu: picha yake mbele, historia yake, watoto na wajukuu wote kwa majina, nyimbo, ratiba. Familia zinaanza kuja Jumatano, na Ijumaa hapo kwake huwezi hata kupata mahali pa kusimama. Baada ya mazishi, simu zinapotea, nyumba zinavuja, picha zinaliwa na panya, halafu siku moja mtu anarudi kwa Mama Selina anauliza, "Ile sura ya baba bado unayo?" Na anayo. Ameziweka zote kwenye folda moja inaitwa MAREHEMU. Nusu ya boma za hapa, sura safi ya mzee wao iko hapo tu, kwa hiyo mashine. Mume wake mwenyewe yuko humo.

Mashine ilizeeka. Ikaanza kumletea ujumbe kwamba Windows yake haitapata tena masasisho, na inachelewa mpaka anapika chai ikiwaka. Akamwita Wekesa, fundi kijana wa Bungoma mjini, mwenye sifa nzuri. Halafu, Wekesa akiwa ameshafika, akanipigia simu.

"Nasimiyu, kuja unikalie hapa. Kuna kijana anataka kufuta mashine yangu."

"Kufuta nini?"

"Ati kila kitu. Ati ni mara moja tu. Mimi sijapenda hiyo mara moja."

Nilifika nikiwa na gambuti, zile buti za mpira za shamba. Nikamkuta Wekesa ni kijana mtulivu, amekunja mikono ya shati vizuri, na hilo nalo likanifanya nimwangalie mara mbili.

"Shikamoo, Madam. Nimesikia habari zako kule Kitale."

"Marahaba. Ulisikia kwa nani?" Sikumpa nafasi ajibu. "Mashine yako wewe ina nini?"

"Linux Mint."

"Iwashe."

Akaiwasha pale pale. Ni kweli, ilikuwa Mint, na si ya jana, ilikuwa imejaa kazi zake kila mahali. Nilisikitika kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kumkamata. Vijana wengi wanaokuja kuhubiri Linux, laptop zao wenyewe zina Windows ya kuiba.

"Kwa nini umemchagulia hiyo na si Ubuntu, au zile zingine?"

"Kwa sababu menyu yake iko chini kushoto, pale Mama amezoea. Ubuntu pia ni nzuri, lakini hataki kujifunza meza mpya na familia za watu zinangoja. Na mimi naijua. Ikimsumbua, napanda gari nakuja."

Hilo lilikuwa jibu zuri, sitaki kumnyima. Andikeni hapo kichwani: mfumo unaomfaa anayeanza ni ule ambao kuna mtu wa karibu anaujua. Nilimuuliza pia aliupakua wapi. Akasema kwenye tovuti yao wenyewe, na akanionyesha alivyolinganisha ile namba ndefu ya uhakiki, inayothibitisha kwamba faili halijachezewa njiani. Nikatafuta kosa, sikuliona.

Tukaonja. Akawasha mashine ya Mama Selina kutoka kwa flash, nikamwambia ainuke, Mama Selina akakaa. Akafungua kitabu kimoja cha mazishi cha zamani.

"Yesu wangu!" akasema. "Huyu ameanguka!"

Picha ya marehemu ilikuwa imeshuka ukurasa wa pili, na jina lake limekatika katikati.

"Huyu ni mama mkwe wa pasta. Wekesa, ukimwangusha hivi watanifungia ofisi."

"Ni aina ya herufi tu, Mama. Hizo ulizotumia hazimo humu, mfumo umeweka zingine. Ngoja."

Akaziweka, mama mkwe wa pasta akapanda akarudi mahali pake. Tukachapisha. Printa ikanguruma, ikatoa karatasi safi. Mnaona kazi ya kuonja? Hilo lingetokea Ijumaa, na familia imesimama hapo na nguo nyeusi.

Kisha Wekesa akazima, akawasha Windows mara ya mwisho. Akasema sasa yuko tayari kuweka mfumo, atabonyeza ile sehemu ya kufuta diski yote.

"Na MAREHEMU?" nikauliza.

"Nilishawanakili asubuhi, Madam, kabla hujafika. Wako kwa hii diski ya nje. Mama aliona."

Mama Selina akatikisa kichwa kwamba aliona. Wekesa akachomeka hiyo diski, akaifungua, akabonyeza folda, na kweli, wote wakajitokeza, safu kwa safu. Na mimi nikatikisa kichwa. Mimi, niliyenusa kila kitu tangu nimeingia!

Lakini roho haikukaa. Sikuwa na sababu, nawaambia ukweli. Nilimwangalia tu kidole chake kilivyokuwa chepesi juu ya hiyo mashine, nikaona kwamba yeye hana mtu humo ndani. Kufuta vitu vya wengine ni rahisi.

"Wekesa, mama yako yuko?"

"Yuko, yuko Malakisi."

"Una picha yake kwa simu?"

"Ninayo."

"Iweke humo kwa MAREHEMU na hao wengine, halafu ufute."

Akaruka kwenye kiti. "Ati niweke mamangu kwa marehemu? Na ako hai? Zii, Madam, hiyo hapana!"

"Si umesema ni salama?"

"Ni salama, lakini si hivyo bana! Hiyo ni kumwitia mkosi."

"Basi weka yako."

"Yangu? Na hata sijaoa?"

Nikageukia Mama Selina. "Mimi usiniangalie," akasema, na akasogeza kiti nyuma.

"Haya, weka yangu," nikasema. "Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Piga hapa."

Akanipiga kwa simu, kitambaa cha kichwa kimepinda, nikamwambia arudie, akarudia, kikapinda upande mwingine. Nikaacha. Akaihamisha kwa mashine, akafungua ile alama ya MAREHEMU iliyo mbele ya kioo, akaniweka kati ya mzee mmoja wa kanisa na mama wa sokoni. Mama Selina akafumba macho.

"Sasa nikuongeze kwa diski ya nje," Wekesa akasema. Akafungua diski, akabonyeza folda ya huko. Na akacheka. "Madam, ona! Umeshaingia wewe mwenyewe!"

Kweli nilikuwa huko. Nimetulia kabisa, na kitambaa changu.

Nikasogeza uso karibu na kioo. "Wekesa. Nani ameniweka huko?"

"Sijui. Imejipeleka."

"Uliinakili hii saa ngapi?"

"Asubuhi, nimekwambia."

"Na mimi nimepigwa picha saa ngapi?"

Alichomoa ile diski kwa mkono ambao sasa haukuwa mwepesi, akaichomeka kwa laptop yake mwenyewe. Alama ya MAREHEMU ilikuwepo. Akaibonyeza. Laptop haikujua huo ni mlango wa kwenda wapi. Akabonyeza tena, na tena.

"Wako wapi?" Mama Selina akauliza. "Wekesa, watu wangu wako wapi?"

Kilichonakiliwa kilikuwa kibao cha njia. Ile alama iliyo mbele ya kioo haikuwa folda, ilikuwa shortcut, yaani kibao tu kinachokuelekeza folda iliko, na folda yenyewe imelala ndani kabisa mwa diski ya mashine. Wekesa alinakili kibao. Ukikifungua ukiwa kwa mashine ileile, kinakupeleka nyumbani, unawaona wote, unatikisa kichwa. Ukikipeleka kwa mashine nyingine hakina pa kukupeleka. Na angefuta, kusingekuwa na nyumba tena popote.

Wekesa alikaa chini. "Madam," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ningewazika wote mara ya pili." Mimi nilimwogopa Mama Selina, maana alikuwa ameshika meza hivi kwa mikono miwili. Nikamwambia, Selina, hatujabonyeza. Wako hapa. Hatujabonyeza. Nililirudia hilo mpaka akaachilia meza.

Tulianza upya. Wekesa akaifuata folda yenyewe mahali ilipolala, akainakili, na safari hii ilichukua muda, diski inapiga kelele, na hiyo kelele ilikuwa tamu. Hapo ndipo tungeshuku tangu asubuhi, maana watu wote wale hawawezi kunakiliwa kwa sekunde moja tu. Akachomoa, akafungua kwa laptop yake. Nikasema mmoja hatoshi. Mama Selina akasogea, akawa anafungua mmoja mmoja na kuwasalimia kwa majina. Alipofika kwa mume wake akakaa naye kidogo, akapita. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Wekesa akawasha tena kutoka kwa flash, akafika pale pa kufuta. "Sasa nibonyeze?" akauliza.

"Lete hapa," Mama Selina akasema, na akabonyeza mwenyewe.

Tukairudisha MAREHEMU ndani ya mashine, na Ijumaa hiyo vitabu vilitoka, na mpaka leo vinatoka. Mint inamfaa, ingawa kwa wiki kadhaa alikuwa ananipigia simu kushtaki kila alama iliyohama. Wekesa siku hizi akinakili cha mtu, anakifungua kwa mashine nyingine kabla ya kumwambia mteja lolote, na naambiwa anawasumbua vijana wenzake kule Bungoma na maswali mpaka wanamkimbia. Vizuri. Kama unataka kuweka Linux, iwe Mint, iwe Ubuntu, iwe ile nyepesi ya mashine za wazee, hilo ni jambo dogo, unaweza kubadilisha hata kesho. Kilicho ndani ya diski huwezi kukirudisha kesho. Kabla hujabonyeza kufuta, weka humo kitu chako, uone kama kidole bado ni chepesi.

Mama Selina alitaka kunitoa kwenye ile folda siku ileile. Ati ni mkosi, ati watu wataniona wakishangaa nilizikwa lini. Nilimkatalia. Kila nikipita sokoni naingia kwake, na kabla ya salamu kumalizika namwambia, "Nifungue." Ananung'unika, lakini ananifungua.

Jumatatu nilipita. Nilifunguka, nikajiangalia, kitambaa kimepinda vilevile. Ndipo nikakubali kukaa. Mama Selina akamimina chai, akapiga funda moja kutoka kwa kikombe changu, akanipa.